Video, dodoso, simu au kamera: kipi kitangulie katika tiba ya akili gerezani

Vifaa vya kidijitali vya afya ya akili kwa wafungwa huuzwa kwa maonyesho. Kishikwambi kinawashwa, mtu anavishwa miwani, grafu inapanda na kushuka kwenye skrini, na kikao kinapokwisha wakubwa wameshavutiwa. Muuguzi wa zahanati ya gereza huulizwa mwisho. Ulinganisho huu unaanza kwake, nao umeandikwa kwa ajili ya mwenye fungu dogo na uamuzi mkubwa: mganga mfawidhi wa gereza, msimamizi wa mahabusu, mtu wa shirika linalohudumia wafungwa, hakimu anayetaka kuelewa karatasi aliyowekewa mezani.

Ukubwa wa tatizo unajulikana. Mwaka 2012 Seena Fazel na Katharina Seewald walikusanya tafiti zilizohusu wafungwa 33,588 katika nchi 24. Saikosisi, yaani ugonjwa unaomtenga mtu na uhalisia, ilikuwa kwa asilimia 3.6 ya wanaume na 3.9 ya wanawake. Sonona kali ilikuwa kwa asilimia 10.2 ya wanaume na 14.1 ya wanawake. Gereza la wanaume 1,000 basi litegemee wagonjwa kama 36 wa saikosisi na 100 wa sonona, kabla hata hujawagusa wenye uraibu. Daktari wa magonjwa ya akili, kama yupo, mara nyingi ni mmoja na haji kila siku.

Niseme msimamo wangu mapema ili usomaji uwe rahisi. Kwa fungu dogo, ningeanza na dodoso la kielektroniki lililofungamana na faili la mgonjwa, kisha daktari kwa video, kisha simu ya kupiga ukiwa ndani ya seli. Kamera ningeziwekea mipaka. Mfumo wa kukisia nani atarudia kosa nisingeuruhusu uvuke mlango wa zahanati. Kipimo changu katika yote ni kimoja: je, kifaa hiki kinamfikisha mgonjwa kwa mtu wa kumtibu haraka zaidi, na anachokisema kinaishia kwa tabibu au kwa askari?

Dodoso la kielektroniki au karatasi ya muuguzi

Siku ya mtu kupokelewa ndiyo siku ya kuuliza. Kuna madodoso mafupi yaliyotengenezwa kwa ajili hiyo. Brief Jail Mental Health Screen lina maswali manane ya ndiyo au hapana na halimalizi dakika tatu. PHQ-9, lililotokea mwaka 2001, lina maswali tisa ya sonona na alama kutoka 0 hadi 27, na kuanzia 10 mtu anastahili kuangaliwa kwa makini. Swali la tisa linauliza kuhusu mawazo ya kufa au kujidhuru.

Kwenye karatasi, jibu la swali la tisa hukaa kwenye jalada hadi mtu alifungue. Kwenye mfumo wa kompyuta linaweza kumfikia muuguzi wa zamu papo hapo. Tofauti hiyo pekee inatosha kuhalalisha gharama. Yapo na mengine: maswali yanaweza kusomwa kwa sauti kwenye spika za masikioni, kwa lugha ya mfungwa, na asiyejua kusoma hatalazimika kumwomba mfungwa mwenzake amsomee swali la kujiua.

Lakini kompyuta haiondoi udhaifu wa dodoso lenyewe. Usiku wa kwanza mtu anaweza kuwa amelewa, anatetemeka kwa kukosa dawa za kulevya, au ana hofu tu. Atajibu hapana kila mahali ili aachwe alale. Kwa hiyo mfumo unaouliza mara moja na kufunga faili ni mbovu hata uwe na sura nzuri kiasi gani. Uulize tena baada ya siku chache, na tena baada ya kila kikao kizito cha mahakama, hasa siku ya hukumu. Jambo jingine ni kwamba PHQ-9 inauliza kuhusu usingizi, hamu ya kula na uchovu. Gerezani taa haizimwi, makelele hayakomi na chakula si cha kuchagua, hivyo alama hupanda hata kwa asiye na sonona. Muuguzi mzoefu analijua hilo na kusoma jibu kwa jibu. Kompyuta inajumlisha tu.

Faida ambayo haitangazwi sana iko kwenye faili. Mfungwa huhamishwa, na dawa hukatika njiani. Aliyekuwa ametulia kwa miezi sita anafika gereza jipya bila karatasi, wiki ya tatu anaanza tena kusikia sauti, na anaadhibiwa kwa ukaidi. Kanuni za Nelson Mandela, yaani kanuni za namna ya kuwatendea wafungwa zilizopitishwa na Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa Desemba 2015, zinasema kwenye Kanuni ya 26 kwamba faili la afya humfuata mfungwa anakohamishiwa, na kwamba hubaki siri ya tiba. Faili la kielektroniki linaweza kutimiza sharti la kwanza kirahisi. La pili linahitaji ukuta: mfumo wa zahanati usiwe sehemu ya mfumo wa ulinzi, nywila zisichangiwe, na kila anayefungua faili aache jina lake.

Anayedhani ukuta huo ni jambo dogo aitazame Finland. Oktoba 2020 ilijulikana kwamba kumbukumbu za kituo cha tiba ya kisaikolojia cha Vastaamo zilikuwa zimeibwa. Makumi ya maelfu ya wagonjwa waliathirika, na wengi walitumiwa vitisho: lipa, au uliyomwambia mtabibu wako yataanikwa. Hao walikuwa watu huru. Mfungwa ambaye maungamo yake yamesambaa hana pa kukimbilia, analala chumba kimoja na walioyasoma.

Daktari kwa video au daktari wa kuja mwenyewe

Hii si teknolojia changa. Mwaka 1959 taasisi ya magonjwa ya akili ya Nebraska, Marekani, ilikwisha kutumia televisheni ya pande mbili kwa tiba. Katika magereza ya Texas, tiba kwa video kupitia chuo cha tiba cha jimbo hilo ilianza miaka ya 1990. Daktari yuko mjini, mgonjwa yuko gerezani, muuguzi yuko naye chumbani.

Kinachopiganiwa hapa ni safari. Kumpeleka mfungwa mmoja hospitali ni gari, dereva, askari wasiopungua wawili, pingu, na foleni ambayo kila macho yanamtazama yeye. Siku askari wakipungua, miadi inafutwa. Wafungwa wengi hukataa kwenda kwa sababu ya aibu hiyo tu, na kwenye faili huandikwa kwamba mgonjwa amekataa tiba. Video inafuta safari, aibu na kisingizio kwa pamoja.

Kinachopotea nacho ni kingi. Kwenye skrini hunusi harufu ya mtu aliyeacha kuoga, huoni miguu isiyotulia chini ya meza, hujui kama mikono inakakamaa kwa sababu ya dawa. Ndiyo maana video bila muuguzi chumbani ni nusu ya huduma. Lazima awepo mtu wa kukunja kiwiko cha mgonjwa na kumweleza daktari anachokihisi, wa kupima uzito na shinikizo la damu, wa kubaki na mgonjwa skrini ikizimwa. Na kwa mtu anayeamini kwamba televisheni inamsema, usimkalishe mbele ya skrini bila kumwandaa. Wengi wa wagonjwa hao huikubali video vizuri wakielezwa kwanza nani yuko upande wa pili na kwamba hakuna anayerekodi. Hilo la kurekodi liwe kweli.

Halafu kuna suala la nani anasikia. Kanuni ya 31 ya Mandela inataka uchunguzi wa afya ufanyike kwa usiri kamili. Kwa video, usiri unahitaji mlango wenye kioo ili askari aone asisikie, na spika za masikioni badala ya sauti inayotoka hadi kwenye ukumbi. Nimetaja mlango na spika makusudi. Mradi wa gharama kubwa unaweza kuangushwa na chumba kisicho na mlango.

Mahali ambapo ningesita zaidi ni uchunguzi kwa ajili ya mahakama. Daktari anayemwona mshtakiwa ili kumwambia hakimu kama ana akili timamu za kusimama mashtakani hafanyi kazi ya tiba. Anachokisikia atakisema. Sasa chukua mgonjwa aliyezoea Jumanne kumwambia daktari wa kwenye skrini siri zake zote, na Alhamisi akaletwa kwenye chumba kilekile, kiti kilekile, skrini ileile, akakuta daktari mwingine anayeandika ripoti ya mahakama. Ataelewaje tofauti? Ana kwa ana, ukumbi mwingine na utaratibu mwingine humsaidia kuelewa. Kwa video tofauti inafutika, na ni wajibu wa daktari kuirudisha kwa maneno ya wazi kabla ya swali la kwanza. Ikiwezekana, vyumba navyo viwe viwili.

Uamuzi wangu: kufuatilia mgonjwa anayejulikana na kurekebisha dawa, video inashinda. Kukutana mara ya kwanza na mgonjwa mzito, au kumwona aliyejaribu kujiua usiku uliopita, daktari aje. Asipoweza kuja kabisa, video leo ni bora kuliko mtu wa mwezi ujao.

Kishikwambi cha kujisaidia au simu ndani ya seli

Ubelgiji iliweka mfumo wa kompyuta ndani ya seli katika gereza la Beveren lililofunguliwa mwaka 2014, na Finland imefanya vivyo hivyo katika gereza la wanawake la Hämeenlinna. Mfungwa anaweza kusoma, kuomba miadi, kuandika ujumbe. Kwa upande wa tiba, zipo programu za kubadili fikra na mazoea, na za kuacha ulevi, ambazo mtu hupitia hatua kwa hatua mwenyewe.

Programu hizi zina kazi, kwa sharti ambalo utafiti wa tiba za mtandaoni umelirudia mara nyingi: zinasaidia zaidi pale mtu anapokuwa nyuma yake, hata akiwa wa kumpigia mgonjwa dakika kumi kwa wiki na kumuuliza amefika wapi. Bila mtu huyo, wengi huacha katikati. Kwa hiyo unaponunua vishikwambi mia, uliza umenunua masaa mangapi ya mtu. Jibu likiwa sifuri, umenunua burudani.

Uliza pia kampuni ikifa itakuwaje. Programu ya reSET, ya kusaidia walio na uraibu, iliidhinishwa na mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani mwaka 2017. Aprili 2023 kampuni iliyoiuza iliomba ulinzi wa kufilisika. Mgonjwa aliye katikati ya tiba hapaswi kujua habari za soko la hisa kwa skrini yake kuzimika. Na uliza nani analipa. Marekani, baadhi ya magereza yamegawa vishikwambi bure kisha yakaacha ujumbe na usomaji utozwe kidogo kidogo, na bili ikamwangukia mama wa mfungwa. Kumtoza mtu ili awasiliane na nyumbani ni kumwongezea sonona.

Simu ya seli haina grafu wala rangi. Ina sauti ya mtu. Seli hufungwa jioni na hazifunguliwi hadi asubuhi, na masaa hayo ndiyo mabaya zaidi. Uingereza, katika magereza yenye simu za seli, mfungwa anaweza kuwapigia Samaritans, shirika linalowasikiliza walioelemewa na wanaofikiria kujiua, bure usiku wa manane. Huko huko Uingereza, tangu 1991 katika gereza la Swansea, shirika hilo limekuwa likiwafunza wafungwa kuwasikiliza wafungwa wenzao. Simu na msikilizaji, nikilazimika kuchagua, naviweka mbele ya kishikwambi kisicho na mtu.

Ila simu za magereza hurekodiwa, na kinachorekodiwa huvuja. Mwaka 2015 chombo cha habari cha The Intercept kilieleza jinsi kumbukumbu za simu zaidi ya milioni 70 za wafungwa wa Marekani zilivyotoka nje, zikiwemo simu zisizopungua 14,000 kati ya wafungwa na mawakili wao. Namba ya msaada wa kisaikolojia iwekwe nje ya rekodi kwa mtambo wenyewe, isiachiwe ahadi ya mtu.

Kamera na vihisi au macho ya binadamu

Kwa mtu anayehofiwa kujiua, gereza hupenda kamera. Vipo pia vihisi vinavyosoma pumzi na mapigo ya moyo bila kumgusa mtu. Faida yake naikubali sehemu moja: seli ya polisi yenye mlevi au aliyemeza dawa za kulevya, ambaye anaweza kuacha kupumua akiwa usingizini huku anayechungulia dirishani akidhani amelala.

Kwa mtu mwenye huzuni, hapana. Fimbo ya mbali haiui nyoka. Kujinyonga huchukua dakika chache, na king'ora kinalia mahali ambapo mwenye ufunguo hayupo. Aliyekaa mlangoni na kuzungumza na mgonjwa analinda na kutibu kwa wakati mmoja. Kamera inalinda tu, tena kwa kumvua mgonjwa faragha hadi chooni, naye hujifunza haraka kuficha uso na machozi. Lipo pia jambo linaloniumiza zaidi: kamera huufanya upweke uonekane kuwa tiba. Mgonjwa hufungiwa peke yake kwa sababu anaonekana kwenye skrini, na wote wanalala wakiamini ameangaliwa. Kanuni ya 45 ya Mandela inakataza kumtenga peke yake mwenye ulemavu wa akili pale ambapo kutengwa kutamzidishia hali. Skrini haibadilishi katazo hilo.

Miwani ya uhalisia pepe

Miwani hii humwonyesha mvaaji mazingira ya kompyuta kana kwamba yumo ndani yake. Haitanichukua muda. Uholanzi walijaribu mafunzo ya kudhibiti hasira kwa miwani hiyo kwa wagonjwa 128 wa hospitali za akili za wahalifu, na matokeo yakatoka mwaka 2020. Wauguzi hawakuona ugomvi ukipungua wodini kuliko kwa wenzao. Baadhi ya vipimo vya hasira alivyojaza mgonjwa mwenyewe vilipata nafuu, lakini baada ya miezi mitatu nafuu ile haikuwepo tena. Wacha watafiti waendelee. Kwa fungu dogo, subiri.

Mfumo wa kukisia hatari

Hapa watu huchanganya vitu viwili kwa sababu vyote ni maswali yanayotoa alama. Dodoso la afya linauliza: unaumwa? Mfumo wa hatari unauliza: utatenda kosa tena? La kwanza lina faida kwa anayejibu. La pili lina faida kwa anayeuliza.

Mwaka 2016 ProPublica, chombo cha habari za uchunguzi cha Marekani, ilichunguza alama za mfumo wa COMPAS, mmoja wa mifumo hii ya hatari, kwa zaidi ya washtakiwa 7,000 wa Broward County, Florida. Washtakiwa weusi ambao baadaye hawakurudia kosa walikuwa wamewekwa kwenye kundi la hatari karibu mara mbili ya weupe. Waliotengeneza mfumo walipinga hesabu hizo, na ubishi kuhusu maana ya haki katika alama za namna hii haujaisha. Mwaka huohuo Mahakama ya Juu ya Wisconsin, katika kesi ya Loomis, iliruhusu alama hizo zitumike kwenye hukumu, kwa maonyo na bila kuwa kigezo pekee.

Sibishi hapa kama mahakama izitumie. Ninachokataa ni bomba la kutoka zahanati kwenda huko. Siku mfungwa akisikia kwamba alichokisema kuhusu hasira zake kwa mshauri nasaha kimepandisha alama yake na kumchelewesha kutoka, wodi nzima inanyamaza. Mficha maradhi kifo humuumbua, wahenga walisema, ila gerezani anayeficha anakuwa amepewa sababu ya kuficha. Mkataba wowote unaomruhusu muuzaji kutumia taarifa za tiba kufundishia akili mnemba ya kukisia hatari ukataliwe, hata bei ikiwa bure. Hasa ikiwa bure.

Baada ya geti: bangili au simu ya kawaida

Mwaka 2007 watafiti wakiongozwa na Ingrid Binswanger walichapisha habari za watu 30,237 waliotoka magereza ya jimbo la Washington. Katika wiki mbili za kwanza, hatari yao ya kufa ilikuwa mara 12.7 ya wakazi wengine. Kwa kuzidisha dawa za kulevya, ilikuwa mara 129. Sijaona takwimu nyingine katika uwanja huu inayopaswa kutuamsha kama hiyo, na bado fedha nyingi za kidijitali hubaki upande wa ndani wa ukuta.

Kifaa kilichozoeleka nje ni bangili ya kielektroniki ya mguuni, ambayo hakimu Jack Love wa Albuquerque, Marekani, aliianzisha mwaka 1983. Bangili inajua mtu yuko wapi. Haijui kama amekula, kama dawa zimekwisha, kama amerudi kwa marafiki wa zamani. Kwa wenye wasiwasi mkali huwa mzigo mwingine, kwani king'ora chake hulia mbele za watu na betri yake ikiisha ni kosa.

Simu ya kawaida yenye ujumbe mfupi ni bei rahisi zaidi na ina maneno. Ujumbe wa kukumbusha miadi, namba moja ya kupiga ambayo inapokelewa, jina la muuguzi. Sharti ni kwamba ujumbe huo utoke zahanati na urudi zahanati. Kukosa miadi ya afya kukihesabiwa na afisa probesheni kuwa ni kuvunja masharti, kliniki imegeuka seli, na mgonjwa ataikimbia kama anavyokimbia seli.

Kazi yenyewe ianze kabla ya geti. Wiki moja kabla ya kutoka, chumba kilekile cha video kitumike kumkutanisha mfungwa na muuguzi wa kliniki ya nje atakayempokea: waonane uso, wajuane jina, wakubaliane siku na saa. Faili litumwe siku hiyo, kwa ridhaa yake. Asubuhi ya kutoka apewe dawa za kumfikisha kwenye miadi, simu yenye chaji, na namba hiyo iwe imeshahifadhiwa ndani. Jioni yake, muuguzi awe wa kwanza kupiga.